Gemu ya Marehemu

Mimi niliishia darasa la sita. Leo nina malori, nina nyumba za kupangisha Kiirua na Nkubu, na nina raketi ambayo hakuna mtu wa rika langu, kutoka Meru mpaka Embu, anayefurahia kuiona upande wa pili wa neti. Nayasema haya mapema ili mtu asifikiri naandika juu ya wazee wa tenisi kwa kukosa kitu kingine cha kujivunia. Ninavyo vingi. Lakini wale wazee wameisha, karibu wote, na watoto wao wenye digrii wako Nairobi na ng'ambo na hawaandiki. Basi acha niandike mimi.

Kiwanja chetu cha Meru kiko nyuma ya majengo ya zamani ya serikali, kimezungushiwa ua wa kayaba wenye miiba mirefu kama sindano ya gunia. Mpira ukiingia humo, huo umekufa. Wazungu ndio walikitengeneza, wakaondoka, kikabaki kwa makarani, walimu na manesi waliokuwa wakiwatazama wakicheza. Hao ndio wazee ninaowasema. Hakuna aliyewafundisha. Walijifundisha kwa macho, ndiyo maana kila mmoja alikuwa na mtindo wake ambao huwezi kuukuta kwa mtu mwingine yeyote duniani.

Kulikuwa na karani wa ushirika wa kahawa aliyecheza na tai. Alikuwa anaitia ndani ya shati, kati ya kifungo na kifungo, kisha anacheza kama mtu anayepigana na nyuki. Kulikuwa na fundi wa nguo ambaye ndiye alikuwa akifunga nyuzi za raketi zetu zikikatika, na alikuwa akitumia nailoni yoyote aliyoipata, kwa hivyo raketi zetu zilikuwa za rangi nyingi kama kikapu cha kiondo. Fundi huyo alikuwa mfupi, na akitaka kuanzisha mpira aliurusha juu sana, mpaka ungeweza kuuliza mtu habari za nyumbani na akujibu kabla haujashuka. Halafu aliupiga polepole, na bado hukuweza kuurudisha. Mimi nilijaribu miaka mingi.

Na kulikuwa na mwalimu, ambaye alikuwa mwenzangu.

Namna nilivyompata ni hii. Kiwanja hicho si cha simenti. Ni cha udongo wa kichuguu. Udongo wetu mwekundu wa huku juu ukinyeshewa unakuwa uji, ukikauka unapasuka. Lakini ule ambao mchwa wameujenga, ukiuponda, ukaunyunyizia maji na kuuvutia rola, unakaza kama sakafu ya kanisa. Ulio mzuri unatoka chini, Mbeere, nchi kavu ya Embu. Wazee walikuwa na kiwanja chenye mashimo, na mwenye lori la kuleta udongo kutoka huko alikuwa nani? Mimi. Lori langu la kwanza, nililolinunua baada ya kusukuma mkokoteni sokoni mpaka mabega yakawa kama ya fahali.

Nilipomaliza kuumwaga nilisimama kuwatazama. Watu wazima, nguo nyeupe, wanakimbiza kimpira na kuombana samahani. Nikawaambia hiyo si kazi ya mwanaume. Mwalimu hakukasirika. Alikuwa mrefu, mwembamba, mstaafu tayari, na alikuwa na sauti ile ya darasani inayofika mpaka dawati la nyuma bila kupandishwa. Akanipa raketi, akanirushia mpira taratibu. Nikaupiga kwa nguvu zangu zote za mkokoteni. Uliruka kayaba, ukaruka barabara, ukaingia kwenye mahindi ya kanisa.

"Vizuri sana," akasema. "Sasa kaulete."

Nikaenda kuuleta. Mimi, mwenye lori. Mpaka leo sijui kwa nini nilienda, lakini kutoka siku hiyo nilikuwa wa pale.

Alinichukua kuwa mwenzake wa kucheza wawili wawili. Alisimama kulia, mimi kushoto, na ikakaa hivyo miaka yote. Sikuwa na mtindo, lakini nilikuwa na miguu, na kwa vile nilikuwa na miguu nilichukua mipira yangu na mingi ya kwake pia. Yeye alikuwa akinitazama nikipita mbele yake kama lori lisilo na breki, kisha anasema, kwa upole kabisa, "Huo ulikuwa wangu, kijana wa lori." Tulikuwa tumeshinda, na bado anasema ulikuwa wake. Alinisema hivyo hata nilipofika umri wa kuitwa mzee nyumbani kwangu. Kwa mwalimu nilibaki kijana.

Sasa nieleze desturi, maana bila hiyo hamtanielewa.

Mchezaji akifa, wale wazee walikuwa na gemu ya kumuaga. Sijui nani aliianzisha, niliikuta. Jumamosi ya kwanza baada ya mazishi, raba za marehemu, vile viatu vyake vya kuchezea, zinawekwa kiwanjani pale alipozoea kusimama. Mwenzake anasimama upande wake mwenyewe, peke yake. Ng'ambo ya neti wanasimama wawili, na wanatoka Embu, kwa sababu hakuna mtu wa Meru aliyetaka kumfunga marehemu wa nyumbani. Embu wakifiwa, sisi ndio tunateremka kwenda kwao. Inachezwa gemu moja tu, watu wanakunywa chai, wanarudi nyumbani.

Anayeanzisha mpira ni mgeni, naye anafanya kama kawaida: mmoja kwa huyu, unaofuata kwa mwenzake. Mpira wa marehemu ukija, hakuna anayeugusa. Unadunda, unapita raba zake, unaenda kugonga ua, na pointi inaenda kwa wageni. Mpira wa aliyebaki anaucheza mwenyewe, na wageni kwa adabu hawampigii upande ule wa raba. Refa anataja pointi kwa sauti, akiangalia kwanza raba, kisha mtu aliye hai.

Ukihesabu haraka utaona marehemu hawezi kushinda. Nusu ya mipira haina mtu. Karani wa ushirika alifungwa, kwa sababu mwenzake alikuwa akilia na haoni mpira. Fundi naye alifungwa. Mwenzake alikuwa na magoti mabovu na alitaka chai. Wote walifungwa, na hakuna aliyejali, maana gemu yenyewe haikuwa ya kushinda.

Hakuna aliyejali isipokuwa mwalimu. Hilo nililijua alipokuwa amelazwa Nkubu, hospitalini. Nilikuwa nimempelekea uji wa wimbi kwa thamosi, kwa sababu ule wa pale alisema ni maji yaliyosikia habari za unga. Alikuwa amekonda mpaka saa inazunguka kwenye mkono. Alikunywa kidogo, akafuta midomo.

"Unajua kitu kinachonisumbua?" akaniuliza.

Nikadhani ni mambo ya shamba, au watoto, au Mungu. Nikamwambia aseme.

"Ile gemu ya raba. Nimekuwa refa wa zote. Mtu anazikwa vizuri, anaimbiwa, anasifiwa, halafu Jumamosi anafungwa mbele ya watu." Akapumua. "Mimi sitaki kufungwa na yule daktari wa ng'ombe."

Nilicheka. Yeye hakucheka.

Daktari wa ng'ombe ni mzee mmoja wa Embu, mstaafu wa mifugo, aliyekaa Dallas, mtaa wa pale pale Embu. Yeye na mwalimu walichezeana tangu wote wawili wakiwa na nywele. Mzee wa Embu alimwita mwalimu Chaki, mwalimu alimwita yeye Daktari wa Mikia, na wakikutana walisalimiana kwa kutukanana mpaka wake zao waone aibu. Yeye ndiye angekuja. Ni yeye aliyekuja kila mara.

"Hutafungwa," nikamwambia mwalimu.

"Usiongee tu. Hiyo gemu haishindiki."

"Haishindiki na nani? Hao wote walioicheza, kuna mmoja alikuwa mimi?"

Akanitazama kwa yale macho ya kusahihisha mitihani. Kisha akafunga macho, na nikaona tabasamu, lile dogo la upande mmoja. "Basi mipira yangu usiiguse," akasema. "Angalau siku hiyo."

Niliahidi. Na mimi nikiahidi kitu, muulize mtu yeyote aliyewahi kuniagiza mawe au mchanga.

Tulimzika wakati mahindi yanatoa ndevu. Habari zilitangulia kwamba nimesema mwalimu hatafungwa, nadhani mgonjwa wa kitanda cha pili alizisambaza, kwa hivyo Jumamosi watu walikuwa wengi. Hata wasiojua tenisi walikuja kuona mwenye malori akiaibika. Wanawake walikuwa wamepika mukimo na chai, vyote viko kwenye kivuli vimefunikwa.

Mjane wa mwalimu alileta raba mwenyewe. Alikuwa amezipaka chaki nyeupe. Aliziweka nyuma ya mstari, upande wa kulia, vidole vikiangalia neti. Akarudi nyuma akazitazama, akaona kitu hakikai sawa. Akainama tena, akageuza ile ya kushoto kidogo nje. Ndivyo mwalimu alivyokuwa akisimama. Mimi nilikuwa nimesimama kando yake miaka hiyo yote na sikuwahi kuona. Baada ya hapo sikuangalia upande huo tena, kwa sababu nilikuwa na kazi.

Mzee wa Embu alikuja na mwenzake, nesi mstaafu, mama mnene kidogo anayecheza pale karibu na neti kama paka kwenye mlango wa ghala. Mzee mwenyewe alianzisha. Mpira wa kwanza ulikuwa wa mwalimu. Ukadunda, ukapita raba, ukagonga kayaba. Refa, ambaye alikuwa binti wa yule karani wa tai, akaziangalia raba. "Kumi na tano kwa sifuri."

Wa pili ulikuwa wangu. Nikaushinda. Wa mwalimu ukapita, wangu nikaushinda. Wa mwalimu ukapita, wangu nikaushinda. Tukafika arobaini kwa arobaini, na hapo, wasioujua mchezo waelewe, lazima mmoja ashinde pointi mbili mfululizo ndipo gemu iishe. Wa mwalimu ukapita. Wageni wakabakisha pointi moja. Nikashinda wangu, tukarudi sawa.

Ukapita. Nikashinda. Tukarudi sawa.

Hapo ndipo nilipoona jambo ambalo wale wasomi wote hawakuwahi kuliona. Gemu hiyo haishindiki, kweli. Lakini nisipopoteza mpira wangu hata mmoja, haipotei pia. Haina mwisho. Tangu ianzishwe hakuna aliyejua, kwa sababu hakuna aliyewahi kuicheza na ukaidi kama wangu. Na kadiri haiishi, mwalimu yuko kiwanjani na raba zake zimeelekea neti.

Basi nikakimbia. Nilikuwa nimevuka hamsini, lakini siku ile nilikimbia kama ninafukuzwa na askari wa kanju, wale wa baraza la mji. Nesi alinipigia mipira mifupi, niliifuata. Mzee alinipigia ile ya kuzunguka, niliisubiri. Kila nilipopata pointi tulirudi sawa, na kila tuliporudi sawa mpira mmoja ulipita kwa mwalimu na hakuna aliyeugusa. Ilinichoma, hiyo. Mipira mizuri ya kupigwa, inapita karibu na mkono wangu, nami ninasimama. Sikuwahi kuacha mipira mingi hivyo maishani.

Watu walianza kuelewa mmoja mmoja. Mtu akafunua mukimo, akaufunika tena. Mawingu yakateremka kutoka mlimani, yale ya alasiri tunayoyajua, na hakuna aliyeondoka.

Mwishowe mzee wa Embu akashika magoti. Alikuwa na umri wa mwalimu, msisahau. Akaja mpaka kwenye neti, anapumua kwa mdomo.

"Wewe kijana, unataka tulale hapa?"

"Mwalimu hajachoka," nikamwambia.

Akaziangalia zile raba. Akaziangalia muda, kidole kimoja kikiwa ndani ya tundu la neti. "Chaki," akasema, si kwangu, "hata ukiwa maiti unachelewesha watu chakula." Mjane akacheka, na alipocheka ndipo na wengine wakathubutu.

Mzee akarudi kwenye mstari wake. Ulikuwa mpira wa mwalimu. Akaurusha, akaupiga, ukaingia kwenye neti. Anayeanzisha anaruhusiwa kukosea mara moja, anajaribu tena. Akaurusha wa pili, akaupiga. Ukapita juu ya kiwanja chote, ukapita juu yangu na raba, ukaingia ndani kabisa ya kayaba, ukafa.

Aliyeanzisha akikosea mara mbili, pointi ni ya anayepokea. Na anayepokea alikuwa mwalimu.

Binti wa karani alitazama kayaba pale mpira ulipoingia. Hakuwahi kuitaja pointi kama hiyo, wala mwalimu mwenyewe siku za urefa wake. Mwishowe akaziangalia raba, akasema kwamba pointi ni ya mwalimu, na Meru wamebakisha moja.

Hiyo moja ilikuwa yangu. Mzee akanipigia mpira ambao sijaupata tena kwa mtu wa umri wake, mkali, chini, pembeni kabisa. Nikaufikia kwa ncha ya raketi. Ukarudi juu ya bega la nesi, ukadunda kwenye mstari, chokaa ikaruka. Hiyo ilikuwa ni mimi. Lakini gemu tulishinda wawili, na nilikuwa wa kwanza kusema hivyo, kabla mtu hajanipa sifa zote. Mjane akaja, akaokota raba, akazipangusa vumbi kwa kanga. Mvua ikaanza hapo hapo, na tulikimbilia chai.

Wakati wa chai nilikaa karibu na mzee wa Embu. Nilimuuliza kama ule mpira aliutupa makusudi. Alikuwa akichagua njahi, yale maharagwe meusi, kwenye mukimo kwa uma, anakula moja moja.

"Mkono ulichoka, kijana. Ngoja, utauona wako."

Nikamwambia mkono uliochoka haupigi ule mpira ulionipigia baadaye. Akaendelea na njahi zake.

Mzee huyo naye ameenda, mwaka huu, kabla ya mvua ndefu. Nesi ndiye aliyenipigia simu. Alisema wananiomba niteremke na mwenzangu wa sasa, na kwamba ni mimi wa kuanzisha. Nilijua maana yake. Ningepigia raba, kisha ningempigia yeye, zamu kwa zamu.

Kiwanja cha Embu kina joto kuliko chetu na kiko wazi, watu wanakuona mpaka soksi. Mzee alikuwa akicheza na raba za bluu, za zamani sana, kisigino kimeliwa upande mmoja. Ziliwekwa kulia. Nesi alisimama kushoto, amefunga kitambaa cheusi kwenye mkono. Walikuwepo vijana wengi wa mjini ambao wamesikia sifa zangu, nyingine kutoka kwangu, na nilitaka waone.

Lazima niseme kwamba sijawahi kukosea mipira miwili mfululizo nikianzisha, mbele ya watu, tangu nijue kucheza. Embu wanajua. Huwa nawakumbusha.

Niliurusha wa kwanza. Ukaingia kwenye neti. Nikasikia mtu anaguna.

Niliurusha wa pili. Niliupiga vizuri, kwa nguvu zile za mkokoteni, na uliruka ua ukaenda mpaka kwenye paa la duka la ng'ambo ya barabara, tukausikia ukidunda kwenye mabati.

Vijana wakacheka. Mmoja akasema, bila kunong'ona, kwamba huyu mzee wa Meru ameisha, malori yamemla mkono. Mwenzangu akanitazama kama ananiuliza kama nimepatwa na malaria. Nilikuwa na maneno ya kuwajibu, na ninyi mnajua kwamba sikosi maneno. Niliwaacha wacheke. Refa akaziangalia zile raba za bluu na kutaja pointi ya mzee.

Nesi ndiye hakucheka. Alinitazama kutoka upande wake, akakaza kile kitambaa kwa meno, akainama, raketi mbele.

"Sasa lete wangu," akasema. "Na wangu usinionee huruma."

Nikampa ule mkali kabisa, wa pembeni. Akaurudisha.